Mvua Iliyoongezeka Kabatini Mwangu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua: hakuna.

Saa tatu kamili asubuhi nilikuwa uani, kama kila siku kwa miaka thelathini na moja. Nimefungua kipimamvua, nimechungulia chupa. Mdudu mmoja, marehemu. Daftari halina safu ya wadudu. Nimeandika sufuri.

Alasiri, mkutano wa mtaa kuhusu tabianchi. Wifi ndiye aliyenilazimisha. Alisikia kuna soda. Tumebaki wawili katika nyumba hii tangu kaka yake, yaani mume wangu, alipofariki, na sijawahi kumwona akipitwa na soda ya bure. Ukumbi wa shule, viti vya watoto wa darasa la pili, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti alifungua kwa hotuba. Nilihesabu neno “endelevu” kwa vijiti pembeni mwa ratiba: mara thelathini na nane. Maendeleo endelevu, usafi endelevu, hata mshikamano endelevu. Kilichokuwa endelevu kweli ni hotuba.

Kisha mwanangu. Mtaa mzima unamwita Kijani siku hizi, kwa ajili ya tai ya kijani anayovaa. Aliacha kazi ya benki — kazi nzuri, yenye bima ya macho! — akaingia kampuni ya umeme wa maji. Wanataka kujenga bwawa dogo na mtambo pale kijito kinapoteremka nyuma ya stendi. Hakuna mafuta, hakuna moshi. Kampuni ipewe kijito kwa miaka thelathini, mtaa upate umeme kwa bei ya chini. Mpango wa serikali wa kuweka paneli za jua usisubiriwe, umekuwa ukija tangu yeye yuko sekondari. Soko litaamua, akasema. Soko ni mwalimu!

Nimefundisha miaka thelathini na sita. Soko sikuwahi kumwona katika chumba cha walimu.

Projekta yake iliendeshwa na jenereta ya dizeli, na jenereta ilikuwa chini ya dirisha. Kila alipotamka “hewa safi” mstari wa mbele ulikohoa.

Dobi alisimama. Huyu anafua na wenzake ishirini kule bondeni, kijitoni, na wafanyakazi wa hospitali nzima wanavaa nyeupe kwa mikono yao. Akauliza mbona mkataba unasema bwawa lijae kwanza, ndipo watu wa bondeni wapate maji? Kiangazi wao watafulia mate? Watu wakacheka. Kijani hakucheka, alibonyeza kitufe. Ukutani ikaja namba kubwa kama mlango: mvua ya eneo hili imeongezeka kwa asilimia ishirini na moja katika miaka kumi na moja iliyopita. Maji yatatosha bwawa na yatamtosha Dobi, abaki na ya kuogea.

Dobi akauliza nani kasema. Kijani akasema kituo pekee cha mvua kilichoko juu ya kijito, takwimu za miaka thelathini na moja, hakuna hata siku moja iliyorukwa. Akanyoosha mkono. Kwangu!

Makofi. Sikusimama. Niliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea kilicho chake.

Wifi akaninong'oneza: umeweza kuongeza mvua ya nchi nzima, goti lako limekushinda.

Jumanne, 4 Machi
Mvua: hakuna.

Watu wananiamkia kwa heshima mpya. Muuza mkaa ameniita Mama Mvua. Nimemkemea, lakini si sana.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua: mm 3.4.

Mkutano wa pili. Soda zimekwisha, Wifi amekuja hivyo hivyo. Anasema sasa amenogewa.

Leo ilikuwa zamu ya Idara ya Hali ya Hewa. Idara hiyo naijua. Kila mwisho wa mwezi nawapelekea kadi ya mvua, na katika miaka thelathini na moja wamenijibu mara mbili: mara ya kwanza kunishukuru, mara ya pili kuuliza kama bado ni mzima. Wametuma msichana mwembamba, raba miguuni, kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Hawezi kumaliza sentensi bila asilimia. Wifi amekwisha kumbatiza: Binti Asilimia.

Akaeleza modeli ni nini: hesabu ndefu sana inayofanywa na kompyuta, unailisha joto na upepo na bahari, inakutemea miaka ijayo. Anazo tano. Tatu zinasema mvua hapa itapungua, moja inasema itabaki ilivyo, moja inasema itaongezeka. Wifi akasema kwa sauti kwamba kwao pia walizaliwa watano na mambo yalikuwa hivyo hivyo.

Mwenyekiti akamtaka aseme neno moja tu: itaongezeka au itapungua? Binti akasema kwa uaminifu hajui kwa hakika. Uwezekano wa kupungua ni asilimia sitini na tano.

“Sasa binti yangu,” Dobi akasema, “hizo thelathini na tano zilizobaki nizianike wapi?”

Ukumbi ulivunjika mbavu. Maskini binti aliangalia raba zake. Kijani akaona nafasi, akasimama bila kuitwa: Idara wana modeli tano na majibu matatu, sisi tuna kituo kimoja na jibu moja. Setilaiti iko mbali huko juu, mama yangu yuko hapa! Makofi tena. Dobi naye alipiga, kwa vidole viwili.

Nimewapa alama nyuma ya ratiba, mazoea hayaachi mwili. Kijani: sauti 9, mpangilio 8, hoja 5. Mwenyekiti: alama hazikutosha kuanzia. Binti Asilimia: sauti 2, mpangilio 3, hoja 8. Amefeli kwa wastani. Watu hawapendi mtu anayejua asichokijua.

Kura ya mkataba ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Binti ameomba aje kuona madaftari yangu. Nimemwambia aje amenawa mikono.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua: mm 0.8.

Amekuja. Shikamoo ya kueleweka, viatu amevua mlangoni. Nilimtandikia meza, nikampangia madaftari thelathini na moja, yote yana majalada. Aliyafungua kama anafungua bandeji. Alisema hajawahi kuona kazi safi namna hii katika kituo cha kujitolea. Nilimpa chai na maandazi mawili. Kwa ile sentensi ningempa manne.

Halafu akafungua kompyuta yake, akanionyesha miaka yangu yote kwa mstari mmoja wa buluu. Miaka ishirini mstari unatembea kwenye tambarare, unayumba kidogo tu. Aprili ya miaka kumi na moja iliyopita unapanda ghafla. Baada ya hapo, tambarare tena, huko huko juu.

Akasema vituo vingine kumi na viwili vinavyotuzunguka havina kitu hicho. Vyote vinashuka, taratibu.

“Mvua haipandi ngazi, Bibi. Mvua ikipanda hupanda kama mlevi.”

Akauliza, kwa adabu yote: Aprili ile kulibadilika nini? Kipimamvua kilihamishwa? Mti ulikatwa? Msomaji alikuwa mwingine?

Nikamwambia kilichobadilika Aprili ile ni heshima ya vijana, nayo imeendelea kubadilika hadi leo. Nikaondoa sahani ya maandazi.

Akaomba radhi, akaacha namba yake ya simu kwenye kikaratasi, akaaga. Alisahau kuniambia asilimia ngapi.

Ati ngazi! Mimi niliyewafelisha watoto wa wakubwa kwa nukta moja!

Jumapili, 9 Machi
Mvua: mm 22.5.

Mvua nzuri ya alfajiri. Nimeipima kwa raha, moyoni namwonyesha binti: tazama, inaongezeka! Nimeingia jikoni na gilasi ya kupimia mkononi, nimwoneshe Wifi. Alikuwa anamenya viazi. Akaitazama, akasema:

“Mimi naipenda ile ya zamani, wifi. Ilikuwa nene nene. Waridi lilisimama vizuri.”

Nikamuuliza ya zamani ipi.

Ile niliyoivunja, akasema, na kiazi hakukiacha. Ile niliyoiweka maua, nikaiosha kwa maji ya moto ikaniachia mkononi. Ulininunia wiki nzima, umesahau?

Nilikuwa nimesahau. Kumnunia nakumbuka.

Nimekwenda kabatini, nimetoa daftari la mwaka ule. Aprili. Tarehe kumi na sita, kwa mkono wangu, kwa wino mweusi: “Gilasi ya kwanza imevunjika (Wifi, maji ya moto). Nimepata nyingine kutoka shule ya ng'ambo ya daraja. Kituo chao kimefungwa. Gilasi nzuri kuliko ya kwanza.”

Nzuri kuliko ya kwanza. Nimeisoma mara nne. Nimerudisha daftari mahali pake na kufunga kabati kwa ufunguo, kama kwamba litatoroka.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua: mm 0.0, na hiyo nina hakika nayo. Sufuri haina gilasi.

Nimepima. Nimevaa miwani ya kusomea, nimechukua rula ya chuma iliyonistaafisha salama, nimepiga goti mbele ya kipimamvua kama mtu anayeomba msamaha. Upana wa mdomo: sentimita kumi na mbili nukta saba. Mara tatu, kutoka pande tatu.

Kisha nikaigeuza gilasi. Kitako kimechorwa maandishi madogo, chini ya ukoga wa miaka kumi na moja. Nimeusugua kwa chumvi. “Kwa mdomo wa sm 11.3.”

Naiandika hapa ili nisije kujifanya sikuelewa. Kila gilasi ya mvua hutengenezwa kwa ajili ya kipimamvua chake. Mdomo ukiwa mpana zaidi hukusanya maji mengi zaidi kwa mvua ile ile, na mistari ya gilasi huchorwa kuzingatia hilo. Nimetwaa gilasi ya kipimamvua chembamba nikaitumia kwenye kipana. Maji ya mdomo mkubwa kwa hesabu ya mdomo mdogo. Miaka kumi na moja. Kila siku saa tatu kamili, bila kuchelewa hata dakika!

Kosa nimelifanya kwa nidhamu ya hali ya juu.

Hesabu, kwa penseli. Kumi na mbili nukta saba mara yenyewe, gawanya kwa kumi na moja nukta tatu mara yenyewe: moja nukta mbili sita. Kwa hiyo kila mahali nilipoandika milimita mia, zilizoanguka ni sabini na tisa. Ile mvua ya Kijani iliyotoka mia hadi mia na ishirini na moja, nikiigawanya vivyo hivyo, inakuwa tisini na sita.

Haikuongezeka. Imepungua. Kama vituo vile kumi na viwili. Kama modeli tatu kati ya tano za binti niliyemnyang'anya maandazi.

Wakubwa wanasafiri kwa ndege kutafuta mabadiliko ya tabianchi ya mtaa huu. Yamo kabatini mwangu, rafu ya pili, karibu na vikombe.

Jumanne, 11 Machi
Mvua: sijui.

Imenyesha kidogo. Sijapima. Mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja safu iko tupu, nami nimekaa naiangalia kama jino lililong'oka.

Nimemwambia Wifi yote. Nilitazamia alie, ni yeye aliyevunja. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye aproni.

Basi ivunjike na hii, akasema. Mimi nina uzoefu.

Nikamwambia huo ni udanganyifu. Akasema si udanganyifu, ni ajali, na ajali haina kinywa. Hakuna anayejua ila sisi wawili, na yeye kesho atakuwa amesahau. Nikamuuliza watu wa bondeni je, kiangazi kikija, bwawa linasubiri lijae kwanza na mvua yenyewe ni ya kwenye karatasi? Akaivua aproni. Akasema kwa upole kabisa:

“Na mtoto je?”

Nikarudi chumbani.

Jumatano, 12 Machi
Mvua: hakuna.

Kijani alipita mchana, mbio, injini hakuizima. Amekonda. Amelala kwa saa tatu tu, kola imekunjamana, lakini macho yanawaka kama siku aliyojifunza kuendesha baiskeli. Wawekezaji wanakuja Jumamosi. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, wanatoka mbali. Walisita, akasema, walitaka kungoja modeli za Idara. Akawapeleka picha za madaftari yangu. Wakaona mwandiko. Mama, wamekubali kwa sababu ya mwandiko!

Nilifungua kinywa.

Akaendelea. Nitasomewa wasifu mbele ya mtaa mzima, nitapewa cheti chenye fremu, halafu niseme maneno mawili matatu tu, kura ipigwe. Mimi nikisimama, Dobi atakaa chini. Nikamuuliza kama hakuna kituo kingine wangeweza kukitazama. Akacheka. Nimewaambia, Mama: mama yangu hajawahi kukosea. Alinifelisha mimi mwenyewe!

Ni kweli. Kidato cha tatu, alama mbili tu zilipungua. Mwalimu mkuu alinisihi nimwongezee. Nilisema karatasi haina mama. Kijana alirudia mwaka mzima, nyumbani tulikula meza moja, na hakunisemesha hadi mvua za vuli. Siku ya kwanza aliyonisemesha tulikuwa hapa uani. Nilimpa chupa amimine, akasoma mstari, akasoma sawasawa. Alikuwa anaamini kila kitu kilichotoka katika gilasi ile. Na ile ilikuwa nzuri, ile ya kwanza.

Nilichomwambia leo ni kwamba ale vizuri. Basi. Mwalimu wa miaka thelathini na sita, mwenye sauti ya kufika geti la shule. Ale vizuri!

Alhamisi, 13 Machi
Mvua: hakuna.

Binti Asilimia amepiga simu. Anaandika ripoti fupi ya Jumamosi. Aliomba radhi tena kwa siku ile, kisha akauliza mara ya mwisho kama nimekumbuka chochote cha Aprili ile, hata kitu kidogo, hata mtungi uliosogezwa. Bila hivyo hawezi kuandika kwamba takwimu zina kasoro. Atalazimika kuandika “chanzo hakijulikani,” na watu watamcheka.

Nikasema hapana. Hakuna kilichobadilika.

Akasema asante sana, Bibi, pole kwa usumbufu. Sauti ndogo.

Nimedanganya. Kwa sentensi fasaha, isiyo na dosari hata moja. Baada ya kukata simu nilijitazama kwenye kioo cha sebuleni kuona kama kuna mabadiliko. Hakuna. Pengine nacho kinapima kwa gilasi isiyo yake.

Wifi alikuwa mlangoni, amesikia. Ametengeneza chai yangu bila sukari.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua: hakuna.

Dobi ameleta shuka. Amezikunja kwa pembe kali, zimekaa kama madaftari. Nikampa ujira wake, hakuondoka. Akasimama, kofia mkononi, akitazama kipimamvua uani.

Akasema yeye si mpinzani wa umeme. Wakipata umeme wa bei ya chini watanunua mashine mbili, vidole vya mke wake vimeanza kupinda. Anachoogopa ni mwezi wa nane na wa tisa. Kijito huwa chembamba kama uzi, miaka hii chembamba kuliko zamani. Yeye hana kipimo, anapima kwa jiwe: kuna jiwe analosimamia tangu ujana wake, zamani kiangazi maji yalimfika kwenye kifundo, sasa nyayo hazilowi.

“Nikadhani ni uzee, Mwalimu. Labda nimerefuka.”

Akacheka. Kisha akasema: lakini kama vitabu vyako vinasema mvua imezidi, basi jiwe langu limekosea. Mimi kesho nitapiga kura ya ndiyo. Nimewaambia na wenzangu. Sisi ni nani hata tubishane na wewe?

Akavaa kofia, akaaga, akaenda zake.

Huyu nilikuwa namtegemea apinge! Nilikuwa nimejipangia vizuri: yeye angepiga kelele, kura ingeanguka, mimi ningenyamaza kwa heshima zangu. Hata hilo amenivurugia kwa kunisadiki.

Alama za leo. Dobi na jiwe lake: 10 kati ya 10. Mimi — nimeandika namba, nimeikata kwa mistari miwili.

Shuka zinanukia vizuri mno. Nimezifungia chumba cha wageni.

Jumamosi, 15 Machi

Imenyesha alfajiri. Nimeisikia ikianza juu ya bati, nikalala naitukana kimyakimya. Kwa nini leo?

Mkutano ni saa nne. Kijani alifika saa tatu kasoro dakika kumi, suti mpya, tai ile ile, viatu vinang'aa. Nje kuna gari refu jeusi, wawekezaji wamo ndani, vioo vimepandishwa. Cheti amekibeba kwenye bahasha kubwa, ati nisikione kwanza. Nimekiona. Fremu ya dhahabu, jina langu limeandikwa sawasawa, na chini yake: “Kwa usahihi usiotetereka.” Mwenyekiti lazima alitaka kuandika usahihi endelevu, wakamzuia.

Mama, twende.

Nikasema saa tatu bado. Sijawahi kusoma kabla ya saa tatu.

Tukasimama uani wawili, kama zamani. Wifi alikuwa dirishani, anajifanya anafuta kioo. Saa tatu ilipogonga redioni nilifungua faneli ya kipimamvua, nikamimina chupa ndani ya gilasi, nikaishika usawa wa jicho. Kijani akachungulia begani kwangu, akasoma kabla yangu: kumi na nne! Akapiga makofi. Hii nitawaambia wawekezaji sasa hivi!

Nikaingia ndani, nikakaa mezani, nikafungua daftari la mvua. Nimeandika:

Mvua: mm 11.1.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Kisha, kwa sauti ile ya kidato cha tatu, akasema Mama, umekosea. Ni kumi na nne. Nimeona kwa macho yangu.

Nikamwambia gilasi inasema kumi na nne.

Sasa mbona umeandika kumi na moja?

Sikumhutubia. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba ya kurasa mbili, ina utangulizi na hitimisho. Nimetoa rula ya chuma kwenye droo, nikampa. Nikamwambia: geuza gilasi, usome kitakoni. Kisha nenda kapime mdomo wa kipimamvua. Ukimaliza rudi, nikufungulie daftari la Aprili.

Alinitazama, akaitazama rula, akatabasamu kidogo, kama mtu anayetegewa fumbo na mzee. Akaisoma gilasi. Tabasamu likabaki usoni lakini lilikuwa halina kazi tena.

Ameiweka gilasi mezani polepole sana. Ametoka.

Naandika haya huku namwona dirishani. Saa tatu na dakika kumi na nane. Gari limepiga honi mara moja, fupi, ya adabu. Wifi ameweka sufuria ya chai na vikombe vitatu, halafu akaongeza cha nne, sijui anamtarajia nani. Kikaratasi chenye namba ya Binti Asilimia kiko mbele yangu, na simu iko juu yake.

Amepiga magoti. Suti mpya, kwenye tope! Ningemkaripia, lakini nimeacha. Ameweka rula juu ya mdomo, ameinama hadi tai imeingia ndani ya faneli. Ameitoa tai, ameitupa begani. Midomo inatembea, anasoma namba.

Honi tena. Hakugeuka.

Amepima. Amezungukia upande wa pili. Anapima tena.